Kisima kinashuka, jirani anaongeza pampu. Nikibana maji namfaidisha nani?

BintiMkulima

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo limenifika shingoni.

Nina heka nne ninazomwagilia kwa kisima kirefu. Kilichimbwa miaka tisa iliyopita, mita 80. Siku ya kukabidhiwa, fundi aliteremsha kamba yake mbele yangu, maji yakawa mita 31 kutoka juu. Nikaandika kwenye daftari la mbegu. Mwezi uliopita kamba imesoma mita 43. Pampu niliifunga mita 50. Mwaka wa tano ikaanza kutema hewa mchana wa jua kali, nikaishusha. Mwaka jana nimeishusha tena, sasa iko 68. Kila kushusha ni mabomba mapya, waya mpya, na fundi anayekuja kwa saa zake mwenyewe.

Nilipoanza tulikuwa na visima vitatu eneo hili. Leo viko kumi na moja. Kimoja ni cha bwana mwenye shamba kubwa, anayevuta karibu sawa na sisi sita tukijumlishwa. Wanne wamefunga sola. Hao pampu zao zinaamka na jua na kulala na jua, tangi likijaa maji yanajimwagia mtaroni na hakuna anayenyanyuka kuzima.

Msimu uliopita nilijibana. Nilimwagilia mara mbili kwa wiki badala ya tatu, mavuno yakapungua kidogo, si sana. Kina hakikupanda hata sentimita. Jirani wa mashariki, msimu huohuo, akaongeza heka moja. Nikajiona mjinga.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Mjomba anasema nichimbe mita 150 niachane na kelele. Muuza vifaa anasema dripu, yale mabomba yanayodondosha maji tone kwa tone kwenye mizizi. Kwenye kikao kimoja kuna kijana alisema maji yawekewe bei, akazomewa mpaka akakaa. Mimi naomba hesabu, si mahubiri. Mtu mmoja kubana maji kuna faida yoyote? Na kuna mahali wakulima walipunguza kweli wakabaki na mashamba yao?

---

Mzee wa Trekta

Sikiliza mjomba wako. Maji ya chini ni ya anayeyafikia. Mimi nilichimba mara ya pili miaka sita iliyopita na sijawahi kuota ndoto mbaya tangu hapo. Kila mtu na kisima chake, kila mtu na bahati yake.

---

Mpima Kina

Shikamoo Mzee wa Trekta, ila leo tutapishana njia.

Dada, pole. Mimi nimepima visima miaka kumi na tisa. Sita ya mwanzo nilikuwa upande wa wachimbaji, na nilikuwa nalipwa kwa mita, kwa hiyo na mimi nilikuwa na ushauri mmoja tu kwa kila mteja. Unaujua.

Kwanza lishike hilo daftari. Wengi ninaowatembelea hawakumbuki kina cha siku ya kwanza, wanakumbuka walichinja nini siku maji yalipotoka.

Sasa hesabu. Kuinua mita ya ujazo moja ya maji kwa urefu wa mita 100 kunakula uniti 0.27 za umeme, kama pampu haipotezi chochote. Pampu za shambani hupoteza nusu, kwa hiyo sema 0.55. Kwa heka nne, chukulia unavuta mita za ujazo 7,200 kwa msimu. Zile mita 12 ulizoshuka zinakudai karibu uniti 470 za ziada kila msimu, kwa mazao yaleyale. Sehemu kubwa ya bili hiyo imeandikwa na wenzako kumi. Na wewe kila ukibonyeza swichi unawaandikia wao. Bili hizi hazifiki kwa mtu yeyote kama karatasi, ndiyo maana hakuna anayezihesabu anapoamua kuongeza heka.

Kuhusu kubana peke yako, chukua mfano. Mwamba unaoshika maji mnayochangia una hekta 300, na ni mwamba wa nyufa, asilimia 2 tu ya ujazo wake ndiyo inayotoa maji. Hapo kina kikishuka mita 1, zimetoka mita za ujazo 60,000. Ukibana 1,000 msimu mzima, umekipandisha kwa sentimita 1.7. Kamba ya fundi haiwezi kuiona hiyo. Tena si yako: imeenea chini ya visima vyote kumi na moja, na jirani wa mashariki ameshaimwaga kwenye heka yake mpya. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Mtu mmoja kubana, kwa mfuko wake mwenyewe, hakulipi.

Sasa mkibana wote. Mita 12 kwa miaka tisa ni sentimita 133 kwa mwaka, na kwa mwamba wa mfano wetu hizo ni mita za ujazo 80,000 zinazoondoka bila kurudi. Kama jumla mnavuta 120,000, mvua inawarudishia 40,000. Mkipunguza asilimia 20, mmeokoa 24,000, na kushuka kunakuwa sentimita 93 kwa mwaka badala ya 133. Hakujakoma! Ili kukoma mngepunguza theluthi mbili, na sijaona kijiji kilichokubali hilo kwa hiari.

Lakini angalia miaka badala ya sentimita. Pampu ikiwaka, maji ndani ya kisima hushuka mita nyingine 15 hivi, na kisima chako kina mwisho. Sema huwezi kuendelea kina cha kupumzika, yaani pampu ikiwa imezimwa, kikipita mita 55. Zimebaki mita 12. Kwa mwendo wa leo ni miaka tisa. Kwa mwendo wa kupunguza, miaka kumi na tatu. Miaka minne ya kuvuna bila kuchimba upya, mara visima kumi na moja. Hiyo ndiyo bidhaa mnayonunua, na bei yake ni asilimia 20 ya maji.

Mahali walipofanya: kaskazini-magharibi mwa Kansas, Marekani, juu ya mwamba wa Ogallala ambao umetandaa chini ya majimbo manane. Pale maji ni ya kale, mvua inarudisha kidogo sana. Mwaka 2012 jimbo lilipitisha sheria inayowaruhusu wakulima wa eneo kujiandikia kikomo wenyewe na serikali ikakisimamia. Kipande kinachoitwa Sheridan 6 kikaanza 2013. Kila mwenye haki ya maji alipewa inchi 55 za kina cha maji juu ya shamba lake, kama milimita 1,400, za kutumia kwa miaka mitano. Ona ujanja ulipo: si inchi 11 kila mwaka. Ni 55 kwenye pochi, mwaka wa ukame unatoa nyingi, mwaka wa mvua unaweka. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 20. Wachumi waliofuatilia baadaye walikuta wamepunguza zaidi ya hapo, na faida zao hazikuporomoka kama ilivyohofiwa. Mahindi yalipungua sehemu, mtama na ngano vikaongezeka, mavuno kwa heka yakashuka kidogo, lakini gharama za pampu nazo zikashuka. Miaka mitano ilipoisha wakauongeza mkataba.

Mjomba wako naye nimjibu. Kuchimba mita 150 kunakununulia nafasi mbele ya foleni, na foleni yenyewe inasogea. Wa kwanza kukauka ni mwenye kisima kifupi asiye na fedha za pili. Huyo atauza shamba au atanunua maji kwa mwenye kisima kirefu. Nimeona yote mawili.

---

BintiMkulima

Asante sana kaka, hii nimeinakili yote. Ila nikufuate hapo kwenye Kansas. Wale wana mita za kupimia maji yanayovutwa, wana sheria, wana serikali inayokuja kusoma mita. Huku kwetu nani atakuwa polisi? Na yule bwana mkubwa akisema hataki, tunamfanya nini?

---

Mhasibu wa Mvua

Kabla ya polisi, niulize kama polisi anahitajika. Mwaka 1980 wachumi wawili, Micha Gisser na David Sánchez, walichukua bonde la Pecos kule New Mexico wakalinganisha hali mbili: serikali inapanga uvutaji vizuri kabisa, na kila mkulima anavuta anavyotaka. Tofauti ya faida ikawa ndogo kiasi cha kutostahili usumbufu. Maji yakishuka gharama ya kuyainua inapanda, na watu wanapunguza wenyewe. Wachumi wameubishia utafiti huu kwa miaka zaidi ya arobaini na bado unatajwa. Vikao, mita, walinzi, kesi, hivyo vyote vina gharama. Kwa nini hakuna anayeziweka kwenye mizani?

---

Mpima Kina

Mhasibu, hoja nzuri na sitaikwepa. Mfano wao ulichukulia mwamba kama beseni: ukichota kona hii, maji yanashuka sawasawa kila mahali papo hapo. Tena beseni kubwa mno, linaloshuka taratibu, na pampu inayolipiwa gharama halisi. Kwa beseni la namna hiyo wako sahihi.

Mwamba wa dada huyu si beseni. Kisima kikivuta, maji hushuka kwa umbo la faneli kuzunguka kisima hicho, jirani wa karibu anaumia leo na wa mbali anaumia mwaka kesho. Visima vikikaribiana faneli zinaingiliana. Kule kwenye mwamba mdogo wa nyufa, hakuna "taratibu". Na mfano ule hauhesabu kwamba maji yaliyobaki chini ni bima: mwaka mvua ikikata, mita ya ujazo moja ina thamani mara kadhaa ya mwaka wa kawaida. Ukishaimaliza kwenye miaka mizuri, bima imekwisha muda wake siku ya ajali.

La mwisho, "gharama ikipanda watu watapunguza" inafanya kazi kama gharama inamfikia anayevuta. Wenye sola wanne hawapati bili. Punjab, India, umeme wa pampu za mashamba ulifanywa bure mwaka 1997. Hapo kina kinaweza kushuka miaka ishirini bila mkulima kuhisi chochote mfukoni, isipokuwa siku anapochimba upya. India sasa ndiyo inayovuta maji ya ardhini kuliko nchi yoyote, zaidi ya Marekani na China zikiunganishwa.

Dada, kuhusu polisi: polisi wa bei rahisi kuliko wote ni namba inayoonekana na wote. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alianza safari yake kwa tatizo lako hilihili. Tasnifu yake ya mwaka 1965 ilihusu mwamba wa maji mmoja kando ya Los Angeles, ambako watu walivuta mpaka maji ya bahari yakaanza kuingia visimani. Jirani yao, bonde la Raymond, mji wa Pasadena ulikuwa umewashitaki wavutaji wengine mwaka 1937. Badala ya kupigana mpaka mmoja abaki na yote, karibu wote wakakaa chini na kukubaliana kupunguza kwa uwiano: kila mmoja alipunguza asilimia ileile ya alichokuwa anavuta. Mahakama ikaupa mkataba nguvu mwaka 1944. Mmoja akagoma, akakata rufaa, akashindwa mwaka 1949. Kisha haki hizo zikawa zinaweza kuuzwa au kukodishwa, na mtu maalumu anasoma mita na kutangaza kwa wote nani kavuta kiasi gani.

Bwana wako mkubwa hatakuja kwa kuombwa. Atakuja akijua mambo mawili: kwamba wengine kumi hawatapunguza bila yeye, na kwamba yeye ndiye mwenye cha kupoteza kikubwa zaidi kisima kikifa. Mtu anayevuta zaidi ya theluthi ya maji yote anakula zaidi ya theluthi ya madhara yake mwenyewe. Kihesabu, yeye ana sababu ya kubana kuliko wewe. Mara nyingi hajawahi kuiona hesabu hiyo.

---

Fundi Matone

Mimi nauza na kufunga dripu, kwa hiyo mtanisoma kwa tahadhari, ndivyo inavyopaswa.

Kaka Mpima, kuna mahali umeteleza. Umesema wakipunguza kuvuta 24,000 wameokoa 24,000. Si lazima. Dada anapomwagilia kwa mifereji, sehemu ya maji inazama chini ya mizizi na kurudi kwenye mwamba uleule. Maji yaliyopotea kweli ni yale yaliyopanda hewani kupitia majani na udongo, au yaliyotoroka nje ya eneo. Akipunguza yale yaliyokuwa yanarudi, mwamba hauoni tofauti. Ameokoa umeme tu.

Na hapo ndipo biashara yangu inaponitia aibu kidogo. Nilimfungia mteja mmoja dripu heka tatu. Maji kwa heka yakapungua vizuri, akanisifu. Msimu uliofuata akanipigia: "Fundi, maji yamebaki, nifungie heka mbili nyingine." Nikamfungia, nikalipwa. Uvutaji ukarudi palepale, na sasa heka tano zinapumua maji hewani badala ya tatu, na kinachorudi chini ni kidogo. Kwa mwamba, nilichofanya ni kuongeza mdomo.

Sikujua kama hili lina jina hadi nilipokwenda semina. William Stanley Jevons aliliona kwenye makaa ya mawe mwaka 1865: injini zinazotumia makaa kidogo zikafanya makaa yatumike zaidi. Kansas hiyohiyo inayosifiwa hapo juu, kabla ya mambo ya vikomo, ilitoa ruzuku wakulima wabadili vinyunyizio wafunge vya kisasa vinavyodondosha maji karibu na ardhi. Mwaka 2014 wachumi Lisa Pfeiffer na Cynthia Lin walionyesha kwamba uvutaji uliongezeka.

Sisemi dripu ni mbaya. Umeme unapungua, mbolea haioshwi, magugu yanapungua. Ukiwa na kikomo cha maji, dripu inakusaidia kuvuna vizuri ndani ya kikomo hicho. Bila kikomo inakusaidia kupanua shamba. Wateja wangu nawaambia hivyo siku hizi, na nimepoteza mauzo mawili matatu kwa mdomo huo.

---

Mpima Kina

Fundi, umenikamata mahali pake. Nakubali. Zile 40,000 nilizoziita mvua zina maji ya mifereji yanayorudi ndani yake, na nilizihesabu mara mbili. Kwa hiyo dada, yale matangi ya sola yanayomwagika mtaroni yanauma macho kuliko yanavyoumiza mwamba, isipokuwa kama mtaro unayapeleka nje ya eneo lenu au yanakaukia juani. Kinachoushusha mwamba ni heka zilizoongezwa na mazao yanayokunywa muda mrefu. Ile heka mpya ya mashariki ni nzito kuliko mwagiko wote.

Maana yake kikomo kizuri kinahesabu eneo na zao pamoja na mita. Andhra Pradesh, India, kulikuwa na mradi katika mamia ya vijiji ambako wakulima wenyewe walipima mvua na vina vya visima, kisha kabla ya msimu wanakaa na kupiga bajeti: maji yaliyopo ni kiasi hiki, mazao tunayotaka kupanda yatakunywa kiasi hiki, pengo liko wapi. Hakukuwa na adhabu. Kila mtu alikwenda kupanda alichotaka, lakini akijua. Wengi walibadili zao kwa hofu ya hasara yao wenyewe.

---

Mtaroni

Mimi ndiye aina ya yule kijana aliyezomewa, na bado nasema: wekeni bei. Vikao na daftari vinafika mahali vinachoka. Bonde la San Luis, Colorado, wakulima walijitoza wenyewe kuanzia 2011. Walianza na dola 45 kwa kila futi-ekari wanayovuta, ambayo ni kama mita za ujazo 1,230, mwaka uliofuata wakapanda hadi 75. Uvutaji ulishuka karibu theluthi. Fedha hazikwenda serikali kuu kupotelea huko: zilitumika pia kuwalipa waliokubali kupumzisha mashamba. Huo ndio ufunguo. Watu hawachukii tozo, wanachukia tozo isiyorudi.

---

Mzee wa Trekta

Na mwenye heka moja analipa sawa na mwenye heka hamsini kwa kila ndoo? Mkubwa ataiingiza kwenye gharama, mdogo atauza shamba. Nimeona ushuru wa kila rangi, wote ulianza kwa maneno matamu. Afadhali kukauka pamoja.

---

Mtaroni

Mzee shikamoo. Mnaweza kusamehe mita za ujazo za mwanzo, sema zinazotosha heka mbili, tozo ianzie juu yake. Hapo mdogo halipi, na mkubwa anaona bei pale anapotaka kupanua. Kukauka pamoja hakupo, Mzee. Anakauka mwenye mita 80 kwanza, wewe mwenye kirefu unabaki unamuuzia maji. Nisamehe kama nimekosea.

---

Mhasibu wa Mvua

Naongeza onyo moja kwa wote mnaopenda sheria. Punjab mwaka 2009 walipiga marufuku kuhamishia miche ya mpunga shambani kabla ya tarehe 10 Juni, ili usikae kwenye jua kali la kiangazi ukipoteza maji. Wazo zuri. Lakini mpunga ukachelewa, mavuno yakasogea karibu na kupanda ngano, wakulima wakabaki na siku chache za kusafisha shamba, wakachoma mabua kwa wingi zaidi na wakati hewa imetulia. Moshi ukaenda mpaka Delhi. Ukibana maji mahali pamoja, angalia gharama inakotokea. Saudi Arabia nao walilipa ruzuku ngano kwa maji ya kale mpaka wakawa miongoni mwa wauzaji wakubwa nje, kisha mwaka 2008 wakatangaza kuachana nayo, na 2016 serikali ikaacha kununua ngano ya ndani. Kilichomaliza maji pale ni bei ya ngano, hakuna aliyegusa bei ya maji.

Nakiri lakini, ile hoja ya faneli na bima imenifanya nirudie hesabu zangu.

---

BintiMkulima

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, nimesoma yote mara mbili. Bei sijagusa, kikomo sijagusa. Nimeanza na kamba.

Nilikwenda kwa majirani kisima kwa kisima, nikawaomba kitu kimoja: Jumapili alfajiri, pampu zote zikiwa zimelala usiku mzima, tupime kina kwa wakati mmoja na tuandike kwenye karatasi moja. Sikutaja kupunguza. Tisa walikubali. Jirani wa mashariki alikuwa wa kwanza kushika tochi, hilo sikulitegemea. Mmoja kisima chake kimefunikwa zege hakipimiki, anasema atatoboa tundu.

Bwana mkubwa hakuja, ila alimtuma msimamizi wake. Tukapima. Wangu 43.2. Wa mashariki 44. Walio mbali pembeni 36, 37. Kisima cha bwana mkubwa kimesoma mita 58, usiku mzima bila kuvuta.

Msimamizi alituomba tupime tena. Ikatoka 58. Akapiga picha ile karatasi, akauliza tunapima tena lini.

Kaka Mpima, kwa kisima chenye mita 90, pampu yake ikiwa 80, hiyo 58 inamwachia muda gani? Bwana mkubwa ameniomba nikuulize kwa jina lake, na anataka jibu kabla hajalipia heka mpya za msimu ujao.